Spacemen 3: ni nini hasa kiliwatenganisha Kember na Pierce?

#1 Mzee wa Kaseti

Wanajukwaa, salaam. Nina swali ambalo limenikaa kooni tangu nilipokuwa kijana wa kunakili kaseti, na leo nimeamua kulileta hapa.

Kwa wasiolifahamu kundi hili, Spacemen 3 lilianzishwa mwaka 1982 katika mji wa Rugby, Uingereza, na vijana wawili waliokutana katika chuo cha sanaa cha mji huo: Peter Kember, aliyejiita Sonic Boom, na Jason Pierce. Wote wawili walizaliwa tarehe 19 Novemba 1965. Kwa miaka saba walipiga muziki ambao wapenzi wake huuita roki ya anga: magitaa yanayovuma kwenye mkao mmoja au miwili ya vidole, dakika kumi na zaidi bila kukata kona, mpaka msikilizaji asahau wimbo ulianzia wapi. Albamu yao ya kwanza, Sound of Confusion, ilitoka mwaka 1986 kwenye lebo ndogo ya Glass, na ya tatu, Playing with Fire ya Februari 1989, ikapanda hadi kilele cha chati za lebo za kujitegemea. Miezi sita baadaye walipanda jukwaani pamoja kwa mara ya mwisho.

Dai langu ni hili: kundi halikuvunjikia jukwaani, lilivunjikia kwenye jalada. Awali nyimbo zao, kwa desturi, zilibeba majina yote mawili bila kuulizana nani alileta nini. Fungueni Playing with Fire mhesabu wenyewe. Kati ya nyimbo tisa, tano zimeandikwa jina la Kember peke yake, tatu la Pierce peke yake, na moja tu ina majina yote mawili. Siku walipogawana majina ndiyo siku walipoachana, na yote yaliyofuata yalikuwa ni kuhamisha vyombo tu.

Karibuni tujadili.

#2 Ngoma Nzito

Asante kwa uzi, Mzee. Kabla sijachangia naomba kueleweshwa jambo moja. Miaka yote nimeamini ile 3 ni idadi ya wanakundi, lakini picha zao za mwaka 1989 zina watu watano. Au nahesabu vibaya?

#3 Msafiri wa Coventry

Hujakosea kuhesabu, ndugu Ngoma Nzito. Hapo mwanzo walijiita The Spacemen tu. Namba 3 ilitokana na bango la onyesho lao lililomuuliza msomaji kama ndoto zake za usiku ni kubwa kwa saizi tatu, na tarakimu ile ikabaki kwenye jina. Watu wamekuja na kuondoka, namba haikubadilika.

Nafanya kazi ya ghalani karibu na Rugby, kwa hiyo naufahamu mji kiasi. Ni mji wa reli na viwanda, uliopo kati ya Coventry na Northampton, na wengi huujua kwa sababu ya mchezo wa raga tu. Lakini hapo ndipo injini ya ndege ya jeti ya Frank Whittle ilipojaribiwa mwaka 1937. Nje kidogo, upande wa Hillmorton, ilisimama milingoti ya redio yenye urefu wa mita 250, iliyokuwa ikirusha ishara ya saa ya taifa zima hadi mwaka 2007. Mtoto aliyekulia pale alilala na kuamka akiona taa nyekundu juu angani. Sisemi kwamba milingoti ndiyo iliyotunga nyimbo, ila naamini mtu anayekulia chini ya mawimbi kama yale hashangai kusikia sauti moja ikivuma bila kukatika.

Jingine ambalo Mzee hakuligusa ni kwamba walianzisha ukumbi wao wenyewe. Waliuita The Reverberation Club, kwenye baa moja ya mjini, wakapiga wamekaa kwenye viti huku taa za rangi zikizunguka ukutani. Watu waliojenga nyumba namna hiyo kwa mikono yao hawaachani kwa sababu ya maandishi madogo kwenye jalada. Hapo sikubaliani nawe, Mzee.

#4 Wakili wa Mtaa

Nisaidie upande mmoja, kwa kuwa mikataba ndiyo kazi yangu. Msafiri anayaita maandishi madogo, lakini yale maandishi ndiyo hati ya shamba. Wimbo ukichezwa redioni, ukirekodiwa upya na kundi lingine au ukitumika kwenye filamu, mirabaha ya utunzi humfuata aliyeandikwa kuwa mtunzi. Aliyepiga gitaa kwa dakika kumi na saba, kama walivyofanya kwenye toleo refu la Rollercoaster, hapati senti ya fungu hilo kama jina lake halipo.

Hata hivyo Mzee, umekiweka chanzo mahali pa matokeo. Ndugu wawili wanaoaminiana hulima shamba moja bila hati. Siku mmoja anapodai mipaka ipimwe, shaka imeshaingia nyumbani zamani. Swali ni nani aliileta shaka hiyo na lini.

#5 Ngoma Nzito

Asante Msafiri kwa ufafanuzi wa namba.

Mimi nalitazama jambo hili kutoka nyuma ya jukwaa, kwa sababu nimepiga ngoma miaka tisa kwenye bendi ya hoteli moja ya pwani ambayo sitaitaja. Tuliporekodi kanda yetu pekee, nilikaa studio siku nne, nikatoka na malengelenge viganjani. Kanda ilipotoka, jalada lilikuwa na picha ya kiongozi na jina lake, na sisi wengine tukaandikwa "na wenzake". Sikugombana na mtu. Niliacha tu kufika mapema mazoezini, halafu nikaacha kufika kabisa.

Sasa tazameni Spacemen 3. Pete Bain wa besi na Stewart Roswell wa ngoma waliondoka wakaunda kundi lao, The Darkside. Wakaja Will Carruthers kwenye besi, Jonny Mattock kwenye ngoma na Mark Refoy kwenye gitaa la ziada. Mwaka 1990 Pierce alipoanzisha Spiritualized, wote hao watatu walikuwa naye, na Kember hakuwamo. Tunabishana kuhusu wakubwa wawili, lakini kundi ni pale walipo mpiga besi na mpiga ngoma. Wao walipohama, kundi lilihama. Mwenye kutaka kujua kwa nini lilivunjika aulize kwanza wale waliokuwa wakiandikwa "na wenzake" walitendewaje. Carruthers ameandika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka mwaka 2016, na mtu wa besi huona mengi kwa sababu hatazamwi.

#6 Shangazi Rekodi

Ngoma Nzito, mwanangu, wewe kila uzi huufikisha kwenye ngoma. Juzi tulikuwa tunazungumzia kinanda na bado ulifika huko huko. Lakini leo una hoja.

Mnazunguka jambo ambalo mama yeyote angeliona asubuhi ya kwanza. Hawa walikuwa vijana waliokaa pamoja tangu umri wa miaka 16, wakila pamoja na kusikiliza santuri zile zile. Kisha Pierce akampata mchumba, Kate Radley, na saa za usiku zilizokuwa za urafiki zikawa na mwenyewe mwingine. Kember alikereka, na hilo lilijulikana. Simlaumu binti, maana yeye alipenda tu, na baadaye alipiga vinanda kwenye Spiritualized kwa ustadi mkubwa. Nasema tu kwamba rafiki aliyezoea kuwa wa kwanza akisogezwa kuwa wa pili, hutafuta ugomvi mahali pengine, kwa kuwa hawezi kusema waziwazi kwamba ana wivu. Hapo ndipo majina kwenye jalada yanapopata uzito ambao hayakuwa nao.

#7 Binti Makorora

Shikamoo Shangazi. Salaam kwa wote.

Nimesoma machapisho sita na hakuna aliyelitaja lile ambalo Kember mwenyewe alilizungumza waziwazi kwa waandishi wa magazeti ya muziki wakati ule: alikuwa mtumiaji wa heroini. Hawakuficha. Hata mkusanyo wa rekodi zao za majaribio za Northampton, za mwaka 1986, ulipewa jina linalosema kwamba wanatumia dawa ili watengeneze muziki wa kutumia dawa. Wasikilizaji wengi, hata humu, hulitaja jina hilo kwa furaha, kana kwamba ni pambo.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kaka yangu alikuwa akipiga gitaa kwa mkono wa kushoto, kwenye gitaa la mkono wa kulia, nyuzi zikiwa juu chini, na hakuna mtu mtaani aliyeweza kumwiga. Unga ulipomshika, kitu cha kwanza kuondoka hakikuwa gitaa. Kwanza aliacha kutimiza ahadi za saa. Akisema atakuja saa kumi, alikuja saa mbili usiku au kesho yake, na kila mara alikuwa na maelezo mazuri. Waliompenda ndio waliochoka kwanza, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakimsubiri. Gitaa aliliuza mwishoni kabisa.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba kufikia albamu ya mwisho hawa wawili hawakuweza tena kukaa chumba kimoja, siwezi kuanza na mirabaha. Naanza na kusubiri. Nashukuru kwamba Kember yu hai na bado anafanya kazi, kwa kuwa wengi niliowajua mimi hawakufika huko.

#8 Msafiri wa Coventry

Pole sana, dada. Umesema jambo ambalo sikuwa nimeliwaza kwa namna hiyo.

#9 Nyuzi Sita

Pole, Binti Makorora. Nitaongeza hoja yangu bila kuipunguza yako.

Naomba tuusikilize muziki wenyewe, kwa kuwa naona tunaujadili ugomvi bila kuzifungua spika. Nadharia ya kundi hili ilikuwa kupunguza: mikao michache, maneno machache, mabadiliko machache. Walijifunza kwa The Stooges, kwa The 13th Floor Elevators, kwa The Velvet Underground na kwa wale wawili wa New York waliojiita Suicide. Lakini kupunguza kuna mwisho wake. Ukishafika kwenye sauti moja, unakwenda wapi?

Kila mmoja alijibu kwa njia yake. Kember alitaka sauti ile moja iingie ndani zaidi, kwenye mitambo na tremolo, mtetemo wa sauti unaopanda na kushuka kama pumzi. Pierce alitaka iwekwe juu yake vinanda, matarumbeta na sala za kanisani. Sikilizeni Lord Can You Hear Me, wimbo unaofunga Playing with Fire, halafu rukeni miaka minane hadi albamu ya Spiritualized ya mwaka 1997, ile iliyouzwa imefungashwa kama vidonge vya duka la dawa, ambayo gazeti la NME liliiweka juu ya albamu zote za mwaka huo. Ni njia moja iliyonyooka. Upande wa pili, Kember amefika kuwa prodyuza wa kundi la MGMT kwenye albamu yao ya 2010 na mshirika wa mwanamuziki Panda Bear, akifanya yale yale ya mitambo na mvumo. Hata kama wangekuwa watawa wasioonja chochote wala kupenda mtu, njia panda ilikuwa inawasubiri.

#10 Kijana wa Juzi

Habari wakubwa. Mimi nimelijua kundi hili mwaka huu tu, kupitia ile rekodi ndefu waliyopiga kwa sitari ya Kihindi. Je, sitari ilipigwa na Kember au Pierce?

#11 Fundi Mitambo

Kijana, karibu, na usione haya, kwa kuwa jina lenyewe limewadanganya wengi. Rekodi unayoisema ni Dreamweapon, iliyopigwa tarehe 19 Agosti 1988 katika kituo cha sanaa cha Watermans, Brentford, London. Ilitangazwa kuwa jioni ya muziki wa kisasa wa sitari, lakini sitari haikuwapo hata moja. Ni magitaa na amplifaya. Walipiga ukumbini mwa mapokezi, kabla ya filamu ya Wim Wenders kuonyeshwa, mbele ya watu waliokuja kutazama filamu. Ukisikiliza kwa makini utawasikia watu hao wakiongea, na mvumo unaendelea kwa zaidi ya dakika arobaini bila kuwajali.

Kuhusu swali la uzi, mimi ni mrekodi wa sauti, na kazi yangu kubwa ni kwaya. Niliwahi kupewa kwaya ambayo waimbaji wawili wakuu hawakuwa wakisemeshana. Mmoja alikuja Jumanne, mwingine Ijumaa, nikawaunganisha kwenye kompyuta. Sauti zilikuwa safi, kila noti mahali pake. Lakini watu wanaoimba pamoja huvuta pumzi pamoja kabla ya neno la kwanza, na kwenye kazi ile kulikuwa na pumzi mbili, moja mapema, moja imechelewa kama robo ya sekunde. Nilizifuta zote mbili. Wimbo ukawa kama picha ya pasipoti.

Recurring, albamu yao ya mwisho iliyotoka mwaka 1991, ilitengenezwa hivyo. Upande mmoja wa santuri ni wa Kember, mwingine wa Pierce, kila mmoja akiingia studio kwa zamu yake. Wimbo mmoja tu ndio una wote wawili, nao si wao: ni When Tomorrow Hits wa Mudhoney, kundi la Seattle. Mpango ulikuwa kila kundi lirekodi wimbo wa mwenzake, na Mudhoney wakaupiga Revolution, lakini Kember hakupendezwa na jinsi walivyobadilisha maneno, mpango ukafa. Kwa maoni yangu studio ndiyo iliyowaruhusu kuachana. Zamani watu waliogombana walilazimika kupatana ili wimbo ukamilike. Hawa walikuwa na mashine ya kuwawezesha wasipatane.

#12 Wakili wa Mtaa

Fundi, hoja nzuri, ila inaeleza walivyoachana, haielezi kwa nini. Mlango wa nyuma haumfukuzi mtu nyumbani.

Na Mzee, nina sahihisho. Umesema walipiga muziki miaka saba. Kutoka 1982 hadi Recurring ni miaka tisa.

#13 Mzee wa Kaseti

Wakili, nilihesabu hadi onyesho la mwisho, tamasha la Reading, Agosti 1989. Kuanzia hapo naona kulikuwa na jina la kundi na mikataba ya kundi, lakini kundi lenyewe sijaliona. Walikuwa na umri wa miaka 23. Hilo hunigusa kila nikilifikiria, kwa kuwa tunawahukumu kama wazee wa baraza, na walikuwa vijana ambao kwetu bado wangeitwa watoto wa fulani.

Nimesoma machapisho yote mara mbili. Binti Makorora, yako nimeisoma mara tatu, na kuanzia leo lile jina la mkusanyo sitalitaja tena kama nilivyokuwa nikilitaja. Lakini naomba uniruhusu swali moja. Mwaka 1987, walipotengeneza The Perfect Prescription, albamu ambayo mpangilio wake wote unafuata safari ya mtu aliyelewa dawa tangu kupanda hadi kuanguka, dawa zilikuwapo, tena kwa wingi, na bado walikaa studio pamoja wakatoa kazi ambayo mimi naiona kuwa bora kuliko zote. Kama heroini ndiyo iliyowatenganisha, kwa nini haikuwatenganisha wakati huo?

#14 Binti Makorora

Mzee, kwa sababu mwaka wa kwanza na wa pili huwa hivyo. Kaka yangu naye alipiga vizuri zaidi mwaka wa kwanza, na sisi nyumbani tulimsifu. Deni halidaiwi siku ya kukopa.

#15 Shangazi Rekodi

Marahaba, Binti Makorora, nilichelewa kukuitikia. Mungu amrehemu kaka yako.

Nyuzi Sita, hoja yako ya njia panda inapendeza, lakini watu wengi wenye ladha tofauti wamekaa kundi moja miaka thelathini, kila mmoja akiimba nyimbo zake. Tofauti ya ladha huwa sababu pale tu upendo unapokuwa umekwisha.

#16 Nyuzi Sita

Shangazi, wengi hao walikuwa na nafasi ya kutofautiana. Kundi lenye nyimbo za mikao mingi lina vyumba vingi, na kila mtu hupata chake. Wimbo wa mkao mmoja una chumba kimoja, na wakuu wawili hawawezi kukipaka rangi mbili.

#17 Msafiri wa Coventry

Kwa taarifa, mwaka 2010 wanakundi wa zamani, akiwemo Kember, walikutana kwenye onyesho la hisani London kumsaidia Natty Brooker, mpiga ngoma wao wa awali, aliyekuwa mgonjwa. Pierce hakuwapo. Miaka ishirini na moja baada ya Reading, na kwa ajili ya mgonjwa. Sijui niipe hoja ya nani ushahidi huu.

#18 Ngoma Nzito

Upe ya kwangu. Waliokuja ndio waliokuwa wakiandikwa "na wenzake".

#19 Wakili wa Mtaa

Lakini Kember naye alikuja, na yeye ndiye aliyeandikwa mara nyingi kuliko wote. Ushahidi huo unakukata mwenyewe.

#20 Kijana wa Juzi

Asanteni kwa sahihisho la sitari. Jana usiku nilifanya jaribio. Niliisikiliza Recurring yote gizani, bila kutazama orodha, nikajaribu kukisia kila wimbo ni wa nani kwa kufuata kipimo cha kaka Nyuzi Sita: mitambo ni Kember, kanisa ni Pierce. Nyingi nilipatia. Nilikosa Hypnotized. Kile kinanda kinachotetemeka na ule mdundo unaozunguka pale pale vilinifanya niape kwamba ni Kember, kumbe ni Pierce.

#21 Nyuzi Sita

Kijana, umenipa kazi. Hypnotized ilitoka kwanza kama singo, Julai 1989, mwezi mmoja kabla ya Reading, walipokuwa bado wanapanda jukwaa moja. Pengine ulichosikia si kosa la masikio yako. Ngoja niurudie na hedifoni kabla sijakujibu.

#22 Fundi Mitambo

Ukiurudia, sikiliza sekunde chache za mwanzo kabla sauti ya mtu haijaingia, utuambie umesikia pumzi ngapi.